Uso wa Kahawa Uliongoja Kioo

Habari za kifo chake zilinikuta nimeinama juu ya katoni ya misumari katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Aliyenigusa bega alikuwa muuza mitumba wa kutoka Embu, mtu ambaye zamani tulikuwa tukipanga bidhaa zetu ubavu kwa ubavu siku za soko. Hakunisalimia vizuri. Alisema tu, "Wewe si ndiye yule mtu wa vioo? Rafiki yako wa kahawa tumemzika Alhamisi." Nikamuuliza amekufa kwa nini. "Kifua," akasema. "Si unajua vile alikuwa anakohoa tangu zamani. Lakini wacha nikuambie kioja. Hakuna picha yake! Mtu amechora watu wa lokesheni nzima, na yeye mwenyewe hana hata moja. Kitambulisho kilipotea. Sasa mbele ya sanduku wakabeba picha ya mama fulani, ya rangi ya chai, iko ndani ya fremu na kioo. Watu wanaulizana, huyu ni nani, kwani hatukuja kuzika mwanaume?" Akacheka kidogo, kisha akauona uso wangu, akaacha. Nikauliza ni nani aliyeibeba hiyo picha. "Mke wa kaka yake. Kulikuwa na manyunyu, akavua leso akaifunika, yeye mwenyewe akalowa. Mtu anaweza kufikiri ni mtoto amebeba." Nikarudisha misumari kwenye katoni yake, nikatoka nje. Sikukumbuka tena nilikuwa nataka kujenga nini.

Wasomaji wanaonifuata katika safu hii wanajua kwamba miguu yangu haijawahi kutulia. Nilimaliza kidato cha nne, nikafundishwa kukata vioo na mjomba wangu kule Kitale, na mapema miaka hii ya tisini nikaondoka na sanduku la mbao lenye vioo vilivyolazwa katikati ya nyasi kavu, kisu cha kukatia, gundi, nyundo ndogo, na fungu la vipande vya mbao vya kutengenezea fremu. Nilisafiri kama konokono, na nyumba yangu mgongoni. Nilipita Eldoret, nikapita Nakuru, nikakaa Nyahururu mpaka baridi ikanifukuza, nikapanda juu ya lori la nyasi za ng'ombe hadi Nanyuki na kutoka Nanyuki hadi Timau. Huko Timau wafanyakazi wa mashamba ya ngano walikuwa na picha za harusi zilizokunjamana na kalenda za miaka iliyokwisha kupita, na kila mmoja alitaka yake iwekwe nyuma ya kioo. Nilipotosheka na upepo wa mlima nikateremka Meru, halafu nikaifuata ile barabara ya Chuka inayoingia na kutoka kwenye mabonde kana kwamba imepoteza kitu mtoni na inakitafuta katika kila mto. Vioo vyangu vililia sandukuni njia nzima. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu nitoke Kitale nilipoteremka upande wa juu wa Embu, kahawa ikiwa imeiva, na jambo la kwanza lililonipokea lilikuwa harufu: ule uvundo mtamu wa maganda ya kahawa yanayooza kando ya kiwanda, ambao mwenyeji hausikii na mgeni hausahau.

Nilimkuta juu ya ngazi, anachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha. Mwenye bucha alikuwa chini, mikono kiunoni. "Hii ng'ombe yako imekonda sana," analalamika. "Nani atanunua nyama ya ng'ombe mgonjwa?" Yule mchoraji hakugeuka. "Mimi nimechora ile ulichinja jana," akajibu, na watu waliokuwa wanasubiri supu wakacheka hadi mwenye bucha naye akacheka. Alikuwa mwembamba, umri wake karibu sawa na wangu, na kucha zake zilikuwa na wanja wa kahawia ambao nilidhani ni tumbaku. Aliposhuka aliangalia sanduku langu, akaniuliza kama vioo hivyo vinazuia maji. Nikacheka, nikamwambia kioo kisichozuia maji bado hakijatengenezwa. Nilidhani anatania. Baadaye nilijua kwamba katika kazi yake hilo ndilo lilikuwa swali kubwa kuliko yote.

Alikuwa na kibanda cha mbao kwenye boma la baba yake, kimesukumwa mpaka kwenye mistari ya kahawa hivi kwamba matawi yaliingia dirishani. Humo ndani alikuwa na kazi ya pili, ambayo majirani waliiona kama ugonjwa. Alikuwa akiokota mbuni, zile kahawa zinazokaukia mtini au kuanguka chini ambazo kiwanda hakizitaki, anazitwanga kinuni, anazikaanga kwenye sufuria iliyokatika mkono, anazisaga kwa chupa, kisha anazichemsha katika mikebe mitatu. Mkebe wa kwanza ulikuwa mwepesi kama chai ya mgonjwa. Wa pili ulikuwa na rangi ya udongo wa barabara baada ya mvua. Wa tatu aliuacha motoni mpaka ukawa mzito, mweusi, unang'aa kama oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kwa mikebe hiyo mitatu na karatasi ya manila alichora nyuso za watu. Rangi ya mafuta, aliniambia, inafaa milango, na kila aliyejaribu kumchora kwa rangi hiyo alifanana na mlango. Kahawa ilikubali ngozi. Aliiweka tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ikauke, na mahali alipotaka mwanga, kwenye paji la uso au ncha ya pua, alichukua kitambaa chenye maji akapangusa polepole, na mwanga ukatokea kutoka chini ya giza kama mtu anayefungua dirisha. Nitalirudia jambo hilo la kitambaa. Siku ya kwanza nilipoketi humo nilimuuliza kama naweza kuonja ule mkebe wa pili. Alishangaa kweli. "Kuonja? Hiyo ni rangi, bwana. Kama una kiu nitakuletea chai."

Hakuwa anatania, na hapa ndipo mgeni anapaswa kutulia afikiri. Katika miteremko ile watu wamezaliwa chini ya kahawa, wamesomeshwa na kahawa, wameoa kwa kahawa, na sikuona nyumba hata moja iliyoinywa. Wanaijua ikiwa nyekundu mtini. Wanaijua ikiwa nyeupe, imemenywa na kuanikwa juu ya meza ndefu za kiwanda. Baada ya hapo inafungwa kwenye magunia, inabebwa na lori, na mambo yake mengine ni siri ya watu wa mbali. Miaka ile bei ilikuwa imeanguka na haikuinuka. Wanachama wa ushirika waligombana na kamati, kamati wakagombana wao kwa wao, viwanda vikagawanywa kama urithi wa familia isiyopendana, na wanaume wakakesha na rungu wakilinda meza zilizobaki tupu mchana. Kung'oa mti wa kahawa kulikuwa kosa kisheria, kwa hiyo watu walikuwa wakipanda maharagwe na mihindi katikati ya mistari na kuuacha mti ufe wenyewe kwa aibu. Ni mtu mmoja tu katika kijiji kile aliyekuwa bado anaiokota mbuni kwa furaha, na baba yake mzazi alikuwa akimwonea haya.

Mzee huyo aliniambia hivyo mwenyewe, kwa Kiswahili alichojifunza kwenye mashamba ya wazungu. "Kijana yangu ya kwanza iko na ng'ombe, iko na bibi, iko na kiti kwa kamati. Hii ya pili inapaka ukuta. Na saa ingine inachoma kahawa kama mchawi." Mchoraji alikuwa amesimama palepale na alisikia kila neno. Alisema tu, "Ni kweli, vava," kwani ndivyo wanavyomwita baba, akaenda kumletea kiti kivulini. Macho ya mzee yalikuwa na mtoto wa jicho. Moja lilikuwa limefunga kabisa, jeupe kama maziwa, na lingine lilikuwa linafunga. Madaktari wa macho walitarajiwa kuja hospitali moja ya misheni baada ya mavuno, na kila mtu alimwambia aende akapasuliwe, naye kila mara alijibu kwamba mambo aliyokwisha kuona yanamtosha. Ila siku moja, tukinywa chai, alisema jambo ambalo sikutarajia litoke kwenye kinywa kile. Alisema kuna kitu kimoja angependa kukiona kabla hilo jicho halijafunga, nacho ni uso wa mkewe. Mama yao alikuwa amekufa mchoraji akiwa bado mdogo. Hakuwahi kupigwa picha. Siku hizo wanawake hawakuwa na vitambulisho, na mpiga picha alikuwa mjini, na mjini alienda mumewe.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mchoraji amebandika karatasi nzima ya manila ukutani, kubwa kuliko zote nilizomwona akitumia, na ameketisha baba yake mbele ya dirisha. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwezi. Alimkalisha mke wa kaka yake kwa ajili ya mabega na namna leso inavyokaa kichwani, akachukua kidevu chake mwenyewe kutoka kwenye kioo changu, kwani watu walisema amerithi kidevu cha mama, na mengine yote alimuuliza mzee. Wala mzee hakuwa mwepesi. "Hapana hiyo," alikuwa akisema, pua yake karibu inagusa karatasi. "Hiyo ni mtu ya kanisa. Yeye alikuwa na macho kama mtu inataka kucheka na iko na maji kwa mdomo." Mchoraji anapangusa kwa kitambaa, anaanza tena. "Mdomo umefunga sana. Huyo alikuwa anaongea!" Anapangusa. Mke wa kaka, ambaye alikuwa mwanamke mchangamfu na mwenye mikono isiyojua kupumzika, alikuwa akipiga kelele kutoka pale alipoketishwa: "Shemeji, mimi nina ng'ombe ya kukamua! Huyu mama mkwe ananitesa na hata hatukukutana!" Mzee alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Halafu ikafika asubuhi moja mzee akasimama mbele ya karatasi kwa muda mrefu hivi kwamba mchoraji aliweka brashi chini. Mzee alikuwa akisogea na kurudi nyuma, akitafuta mahali ambapo ukungu wa jicho lake ungemruhusu. Kisha akaamkia. Aliamkia kwa Kiembu, ile salamu ya asubuhi ya kawaida, kama mtu aliyekutana na mkewe anarudi kutoka mtoni. Akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie: "Leo umefanya kazi." Mchoraji alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika tawi la kahawa kwa mikono miwili. Siku hiyohiyo mzee alitangaza kwamba madaktari wa macho wakija ataenda. "Ninataka kumwona vizuri," alisema. "Hii ni kama kumwona kwa moshi."

Fremu niliitengeneza jioni ile, kwa mbao ya mukima, mti ule unaopandwa mipakani, na kwa ufundi wote niliokuwa nao. Lakini kioo sikuwa nacho. Vipande vyangu vilikuwa vya kalenda na picha za harusi, na karatasi ile ilihitaji kioo kizima cha dirisha kubwa. Mchoraji alinishika mkono, akanieleza kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba kahawa haigeuki kuwa rangi hata ikikauka. Inabaki kahawa. Ikipata maji inarudi kuwa maji. "Nipe wiki mbili," nikasema. Nilishuka Embu mjini, nikapata kioo, nikakikata kwa kipimo, nikakifunga kwa magazeti. Nilikuwa nimebakisha safari ya asubuhi moja tu. Jioni hiyo nikakutana na dereva aliyenijua kutoka safari za nyuma, akaniambia kwamba Timau kuna shamba la maua linalojenga nyumba za wafanyakazi, madirisha mengi mno, fundi wa vioo hakuna. Nikasema nitaenda siku chache. Ningeweza kusingizia mvua kubwa zilizokata madaraja, lakini zile zilikuja mwaka mwingine. Barabara ilikuwa kavu. Kulikuwa na kazi, kulikuwa na watu wapya, kulikuwa na theluji ya mlima asubuhi nikiinuka, na mimi ni mtu ambaye mahali papya hunilewesha. Kioo cha yule mama kilikaa chini ya kitanda changu Timau, ndani ya magazeti yake, kwa miezi minne. Kila nilipofagia nilikiona.

Niliporudi nilimkuta mke wa kaka jikoni, peke yake, anakoroga uji. Aliangalia kifurushi mikononi mwangu, akajua ni nini, akaketi chini. Sikumuuliza. Alisema mwenyewe, bila kuniangalia, kama mtu ambaye amekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi moyoni. "Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kumwombea mzee macho. Ilikuwa zamu ya boma letu. Nimeosha viti, nimeosha vikombe, nimeosha mpaka mlango. Naangalia picha, iko na vumbi na moshi. Na mimi si nilikuwa hapo, shemeji akichora? Kila siku nilimwona kwa macho yangu anachukua kitambaa cha maji, anampangusa mama usoni, na mama anang'aa. Nikasema, kumbe huyu anaoshwa. Nikachukua kitambaa na sabuni kidogo." Nikarudia lile neno, sabuni. "Kidogo," akasema haraka. "Ya kuogea, si ya nguo. Kitambaa kikarudi na rangi ya chai. Nikafikiri ni moshi. Nikasema, maskini, mama alikuwa mchafu hivi na mimi niko kwa nyumba! Nikaongeza maji." Akakoroga uji uliokuwa umekwisha kushika chini ya sufuria. "Mimi nimechuma kahawa tangu niwe na meno ya utoto. Nyekundu naijua. Nyeupe naijua. Hii ya kuyeyuka, nani aliwahi kunionyesha?"

Tangu siku ile nimelifikiria swali hilo kuliko mengi niliyosomeshwa darasani. Lakini lililofuata ndilo lililokuwa baya zaidi. Wageni walipofika, mzee aliongozwa sebuleni, na kama kawaida yake akataka kwanza apelekwe mbele ya picha amsalimie mkewe. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Hakuna aliyethubutu kusema. Karatasi ilikuwa na doa moja kubwa la kahawia lililofifia, na pembeni ukingo wa leso na sikio. "Basi," mzee akasema. "Jicho imekwisha." Hakufikiria kabisa kwamba ni picha iliyokwisha. Akina mama wakapaza sauti kuomba, na mke wa kaka akaomba kwa sauti kuliko wote. Mchoraji alikuwa mbali siku hiyo, anaandika bango la shule. Aliporudi alimkuta shemeji yake amepiga magoti mlangoni mwa kibanda. Kaka yake alikuwa mtu mgumu. Angemrudisha huyo mwanamke kwao, pengine baada ya kumpiga, na mchoraji alilijua hilo. Kwa hiyo akafanya uamuzi, na sijui wewe msomaji wangu ungefanya upi mwingine. Alimwambia anyamaze. Alimwambia atachora mwingine haraka, mzee aamke siku moja amwone mkewe amerudi, adhani jicho lilikuwa limechoka tu.

Alichora siku tatu bila kulala vizuri. Siku ya nne akaenda kumshika mzee mkono ampeleke dirishani, na mzee akauvuta mkono wake. "Usinisumbue na ukuta," alisema. Alikuwa amekwisha kujifunga. Alianza kutembea kwa fimbo akiipapasa njia ambayo juma lililopita aliitembea mwenyewe, akaacha kuelekeza uso kwa mtu anayemsemesha, na mwili ukautii moyo. Siku ya madaktari ilifika, gari la kanisa likaja mpaka langoni, naye akakataa kupanda. "Daktari itafungua nini? Nyumba imekwisha kuungua." Ndipo mchoraji akamweleza yote mbele ya gari lile, kahawa, kitambaa, sabuni, akijua kaka yake anasikia. Kaka alisikia, na nyumba ile ilikuwa na majuma mabaya. Lakini mzee alitabasamu, akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mwanawe. "Wewe ni mtoto mzuri," alimwambia. "Uko na roho ya mama yako. Yeye pia alikuwa anadanganya mtu mgonjwa." Gari likaondoka bila yeye. Ngoja ngoja huumiza matumbo, husema Waswahili. Ngoja ngoja yangu iliumiza jicho la mtu, na lilikuwa moja tu.

Nilikiweka kile kioo mchana wa siku ile niliyorudi. Mchoraji aliniletea picha ya pili, akaishika wakati napigilia misumari midogo nyuma ya fremu. Mimi niliiona ni uleule uso, hata bora zaidi, na nilisema hivyo. Alitikisa kichwa. "Ile ya kwanza mzee alisema ndiye. Hii, ni nani atasema? Mimi nilichora picha ya picha. Labda nimechora mama ya mtu mwingine." Mzee alikuwa ameketi kando ya mlango, uso ameuelekeza kwenye mlio wa nyundo. Akauliza kama kioo kimekuja. Nikasema kimekuja. Akasimama, akaja na fimbo yake, nikauongoza mkono wake mpaka akaweka kiganja juu ya kioo, karibu na shavu. Alikiacha hapo kwa muda. "Iko baridi," alisema. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Mtu ya vioo, ulikuwa wapi?"

"Timau, mzee."

"Timau ni mbali?"

"Si mbali," nikasema.

Akatikisa kichwa kana kwamba nimemjibu vizuri, akarudi kwenye kiti chake. Baadaye nilisikia kwamba hakuishi mpaka mavuno yaliyofuata. Mabango nayo yakaanza kuchapishwa mjini, na wapiga picha wakaja na kamera za rangi mpaka vijijini. Hakuna mama atakayekufa tena bila kuacha uso, na hilo ni jema. Sitaki mtu adhani ninalililia giza. Lakini mtu aliyejua kuutafuta uso wa marehemu ndani ya kumbukumbu ya kipofu, kwa mbuni zilizokataliwa na kiwanda, tulikuwa naye mmoja tu, naye alimaliza miaka yake akichora ng'ombe wa bucha. Yule muuza mitumba aliponiambia kwamba watu waliifuata picha ile kaburini wakiulizana ni nani, nilitamani ningekuwapo niwajibu. Ni mama yake. Au ni mtu anayefanana naye kadiri alivyoweza.

Baada ya kuweka kioo kile niliondoka kesho yake asubuhi, na sijarudi. Mchoraji alinisindikiza kama wenyeji wanavyowasindikiza wageni, si mpaka langoni tu, bali mpaka pale barabara inapovuka mto chini ya kiwanda. Meza za kuanikia kahawa zilikuwa tupu na majani yameota katikati ya waya. Hata ule uvundo haukuwapo. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi usiku kucha, na nilipoyaanza alinikatiza kwa kunipa karatasi iliyoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Nilijua kabla ya kuifungua. Doa, ukingo wa leso, sikio. "Hii ndiyo ile mzee alisema ndiye," aliniambia. "Iweke wewe. Wewe una vioo." Hakuwa na kejeli usoni. Nimetembea na karatasi hiyo miji mingi, nimeweka vioo kwenye picha za watu wasiohesabika, na hiyo bado haina. Nimeona ni haki ibaki hivyo, ili kila nikitaka kuigusa ninawe na kukausha mikono kwanza, na nikumbuke kwamba kila siku kuna mtu mahali fulani anayesubiri kitu kidogo nilichokwisha kukikata kwa kipimo, kiko chini ya kitanda changu, na kwake si mbali. Lori lilisimama, nikapandisha sanduku langu. Yeye alibaki darajani, mikono mifukoni, anakohoa, na nyuma yake mistari ya kahawa ilikuwa imeanza kukauka.